UZI: Mlango wa nyuma wa umeme umepasuka kwenye bawaba au breketi. Namna ya kuutengeneza ufa usirudi

#1 BatiJembamba

Wakuu, likija swali la mlango wa nyuma wa umeme, majibu huishia kwenye mota, fyuzi na swichi. Kuna ugonjwa mwingine unaoua hii milango na watu hawauangalii: bati kuchoka. Mota nzima, waya nzima, ila chuma kilichobeba mzigo kimeanza kupasuka taratibu. Fundi anapiga weldi, anapaka rangi, miezi minne baadaye ufa uko palepale au umehamia sentimita tatu pembeni. Uzi huu ni wa ufa, na wa kinachouleta.

Tuelewane kwanza kuhusu mifumo, maana nyufa zake hazifanani. Upo mfumo wa mkono: mota imefichwa nyuma ya plastiki ya nguzo ya mwisho au darini, inazungusha gia, gia inasukuma fito moja iliyoshika mlango upande mmoja. Ndio mfumo wa gari nyingi za zamani. Upo wa shokapu za umeme (shokapu hapa ni zile bomba zinazousukuma mlango juu, si za magurudumu): mota, gia na skrubu ndefu viko ndani ya shokapu yenyewe pamoja na springi. Nyingine zina shokapu ya umeme upande mmoja tu na ya kawaida upande wa pili, nyingine zina mbili.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo siri ilipo. Chukua mlango wa kilo 32, uzito wake ukiwa umekaa wastani wa mita 0.55 kutoka kwenye bawaba. Ukiwa umelala usawa, unavuta chini kwa 32 × 9.8 × 0.55, kama nyutoni-mita (Nm) 172. Shokapu inasukuma karibu sana na bawaba, tuseme sentimita 12 tu. Gawa 172 kwa 0.12, unapata nyutoni 1,433. Zikiwa shokapu mbili nzima, kila breketi inabeba nyutoni 720, sawa na kilo 73. Shokapu moja ikifa, breketi iliyobaki inabeba karibu kilo 146 peke yake, na mlango mzima unasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Bati la ndani la mlango kwa kawaida ni milimita 0.7 hadi 0.8. Lile la kuimarisha chini ya bawaba ni 1.2 hadi 2.0. Halikatiki siku hiyo. Ila mlango ukifunguliwa mara 8 kwa siku ni mizunguko 2,920 kwa mwaka, karibu 29,000 kwa miaka kumi, na kila mzunguko unausogeza ufa kidogo.

Ongeza barabara mbovu. Shokapu ya gesi husukuma kwa nguvu kubwa kuliko zote ikiwa imebanwa, yaani mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo breketi haipumziki hata gari likitembea, na kila tuta na kila rasta vinaongeza mtikisiko juu ya mzigo uliopo.

Sehemu za kuangalia, kwa mpangilio wa zinavyopasuka:

1. Kuzunguka boliti ya gololi inayoshika shokapu, upande wa mlango. Ufa huanzia ukingo wa tundu au ukingo wa weldi ya nati iliyofichwa nyuma ya bati.
2. Kona ya juu ya uwazi wa kioo, upande wenye mota. Hii ni ya mfumo wa upande mmoja, inatokana na kusokotwa.
3. Chini ya bawaba, pale weldi za nukta zinapounganisha bati la ndani na la kuimarisha.
4. Upande wa bodi: ukingo wa paa chini ya bawaba, na breketi ya chini ya shokapu kwenye nguzo.

Dalili: mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka, mara nyingi na machozi ya kutu. Mlio wa "tak" mlango ukifika mahali fulani, kila siku palepale. Mlango kusita katikati na kurudi, kwa sababu kontroli boksi inadhani umemgusa mtu. Mlango kukaa upande.

Nitaendelea na utengenezaji. Kama una picha, weka.

#2 KijanaWaMwenge

Mkuu asante. Harrier ya 2005, mlango wa umeme, ufa wa kama sentimita 3 unaanzia kwenye boliti ya shokapu kwenda kwenye kona ya kioo. Nimeambiwa nipige weldi ya gesi na kuweka bamba la milimita 4, eti hapo hautapasuka milele. Ni sawa?

#3 BatiJembamba

@KijanaWaMwenge hapana, kwa sababu mbili.

Moto wa gesi unapasha eneo pana. Bati la 0.8 linajikunja, na chuma kigumu cha kuimarisha kinalainika sentimita kadhaa kuzunguka weldi. Umeziba ufa wa sentimita 3 kwa kudhoofisha eneo la sentimita 10. Pia gundi ya kioo inaungua na kutoa moshi wenye sumu.

Bamba la milimita 4 ndilo kosa kubwa zaidi. Chuma kilicho nyuma ya bamba nene hakipindi kabisa, chote kilichokuwa kinapinda kidogo kidogo kwenye eneo zima sasa kinapinda kwenye mstari mmoja tu, ukingo wa bamba. Hapo ndipo ufa mpya utazaliwa, na utakuwa mrefu kuliko wa kwanza. Kiraka kiwe cha unene uleule wa bati unaloungia, au kizidi kwa nusu tu. Kwenye bati la 0.8 tumia geji 18 (milimita 1.2). Kwenye la kuimarisha la 1.5, geji 16 (1.6) inatosha. Pima kwa venia (kipimio cha unene) dukani, maana bati linalouzwa kama geji 18 mara nyingi ni jembamba zaidi. Usitumie bati la kuezekea wala la pipa.

#4 mzee_wa_bawaba

Naongezea kabla watu hawajakimbilia mashine. Kabla ya kuchomelea chochote, jueni chuma gani kiko mbele yenu. Chukueni sumaku. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, simameni hapo hapo. Baadhi ya gari za karibuni zina milango ya alumini, na zingine si chuma kabisa: Nissan Rogue ya toleo la 2014 ina mlango wa nyuma wa plastiki ngumu, Chrysler Pacifica ya kuanzia 2017 fremu ya ndani ya mlango ni magnesiamu iliyofunikwa alumini. Magnesiamu ikishika moto haizimwi kwa maji. Hiyo si kazi ya gereji ya mtaani, badilisha mlango.

Alumini nayo ina tabia yake. Chuma cha kawaida, mzigo ukiwa chini ya kiwango fulani, kinaweza kuvumilia mizunguko bila mwisho. Alumini haina kiwango hicho. Hata mzigo mdogo unahesabiwa, na ikishaanza kupasuka kwenye breketi, eneo la jirani nalo limeshachoka ingawa halionyeshi.

#5 Volti12

Upande wa umeme na usalama, tafadhali msipite haraka hapa.

Toa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa plastiki za nguzo ya nyuma. Gari nyingi zina mfuko wa hewa wa pazia unaopita kwenye ukingo wa paa, na kwenye baadhi chupa yake ya gesi iko karibu kabisa na nguzo ya nyuma. Ukichomelea bawaba upande wa paa bila kujua chupa iko wapi unacheza na kifo. Fungua dari uione kwa macho. Kama iko karibu, itolewe.

Chomoa plagi ya kontroli boksi ya mlango, ya loki, ya kamera na ya waya za kioo. Kibano cha waya wa chini wa mashine kikae kwenye chuma kilekile unachochomelea, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye mchomo, si kwenye chesisi. Ukikiweka mbali, umeme utatafuta njia kupitia bawaba na waya za mlango. Bawaba hutoka na alama za kuungua, na kontroli boksi huondoka nayo.

Shokapu za gesi na za umeme zitolewe kabisa garini kabla ya moto. Ya gesi ina naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa. Usiitoboe, usiipashe, usiikate. Ya umeme ina springi kali ndani, usiifungue.

#6 MpwaWaMvita

Kutoa shokapu bila mlango kukuangukia inakuwaje? Hii gari yangu ina mbili za umeme.

#7 Volti12

@MpwaWaMvita fungua mlango hadi mwisho. Weka mbao ya mbili kwa mbili kila upande, kutoka sakafu ya buti hadi kwenye fremu ya ndani, na kitambaa juu. Mbao mbili, si moja, ili mlango usisokotwe. Mtu wa pili ashike. Kisha kwenye kikombe cha gololi kuna klipu ya waya. Iinue kwa bisibisi ndogo milimita 2 hadi 3, usiing'oe yote, halafu vuta kikombe kitoke. Anza na kichwa cha juu. Shokapu ya umeme ina plagi: fuata waya wake uichomoe kwanza, usivute waya.

Mfumo wa mkono: toa fito kwenye mlango kwanza, ndipo shokapu za gesi.

#8 BatiJembamba

Sasa kazi yenyewe. Mfano ni ufa wa @KijanaWaMwenge, sentimita 3 kwenye bati la ndani kutoka kwenye tundu la boliti.

Kuupata ufa wote. Unaouona kwa macho si wote. Toa rangi kwa msasa namba 80 kisha 180, sentimita 5 kila upande kupita unapodhani umeishia. Usitumie diski ya kusagia, inapaka chuma juu ya ufa na kuuficha. Kama una dawa nyekundu ya kupenya, nyunyiza, acha dakika 10 hadi 20, futa kwa kitambaa chenye kisafishio (usinyunyizie kisafishio moja kwa moja), kisha nyunyiza poda nyeupe. Ufa unajichora mstari mwekundu. Kama huna, mafuta ya taa na chaki vinafanya kazi ileile: paka mafuta ya taa, subiri robo saa, kausha kabisa, paka unga wa chaki, gonga bati taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mafuta yanatoka ufani na kulowesha chaki. Weka alama kwa msumari mahali mstari unapoishia pande zote. Kisha safisha mafuta yote kwa thina kabla hujawasha chochote, na vitambaa vilivyolowa viende nje.

Tundu la kuzuia. Toboa tundu la milimita 3, kitovu chake kikiwa milimita 2 hadi 3 mbele ya ncha uliyoiona. Ncha halisi ya ufa huwa mbele kidogo ya inayoonekana, na ukitoboa nyuma yake umefanya kazi bure. Lainisha ukingo wa tundu kwa biti kubwa zaidi ukiizungusha kwa mkono. Ncha kali ya ufa ndiyo inayokusanya nguvu. Tundu la mviringo linaisambaza. Lakini tundu peke yake ni la kukupa muda, si tengenezo.

Boliti na nati. Fungua boliti ya gololi. Nati iliyofichwa kama inacheza, iondoe kabisa. Usiichomelee juu ya ufa. Tengeneza sahani ndogo ya geji 16 yenye nati ya M8 (ya boliti ya milimita 8) nyuma yake, itakayoingia ndani ya boksi la mlango kupitia tundu la huduma. Boliti ya gololi usiichomelee wala kuinyoosha ikiwa imepinda. Nunua mpya.

Mchomo. Mashine ya MIG (ile inayotoa waya na gesi yenyewe), waya wa milimita 0.6, gesi ya mchanganyiko wa agoni 80 na kabonidayoksaidi 20, lita 10 hadi 12 kwa dakika. Zuia upepo kwa turubai, maana upepo ukipeperusha gesi mchomo unakuwa na vinyweleo, na kila kinyweleo ni mwanzo wa ufa. Panua ufa kwa grenda ya diski ya milimita 1 hadi uone mwanga upande wa pili. Anzia kwenye tundu la kuzuia kurudi kwenye tundu la boliti, vipande vya milimita 10, ukiruka. Subiri hadi uweze kuweka kidole kabla ya kipande kinachofuata. Usipulizie hewa wala maji kupooza, utakifanya chuma kiwe kikavu, cha kuvunjika upesi. Sawazisha mchomo kwa diski ya msasa, mikwaruzo ielekee njia ya mvuto na si kuikata, kwa kuwa mkwaruzo unaoukata mvuto ni ufa unaosubiri siku yake.

Kiraka. Kikate kama yai, si mstatili. Kona kali hapana. Kipite ufa kwa milimita 25 hadi 30 kila upande. Toboa matundu ya milimita 8 kila baada ya milimita 25 hadi 30, umbali wa milimita 10 hadi 12 kutoka ukingoni. Paka praima ya zinki ya kuchomelea pande zote mbili zitakazogusana, na uikwangue ndani ya matundu tu. Bana kwa vibano, bati liguse bati. Jaza kila tundu: anza katikati kwenye bati la chini, zungusha ukielekea nje. Usichomelee ukingo wote kuuzunguka. Mstari wa weldi unaokatisha mvuto ndipo nyufa hupenda kuanzia.

Vaa barakoa. Moshi wa zinki unaleta homa jioni yake.

Kutu. Praima ya epoksi nje. Ndani ya boksi la mlango, nta ya mashimo kwa bomba refu, baada ya kila kitu kupoa. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yabaki wazi.

#9 ReliYaKati

Mkuu umesahau kioo.

#10 BatiJembamba

Kweli. Mchomo ukiwa chini ya sentimita 15 kutoka kwenye kioo, kioo kitoke. Hakivumilii joto la upande mmoja, kinalipuka vipande vidogo. Na kwa ufa wa kona ya kioo hakuna njia nyingine, kwa sababu ufa unapita chini ya gundi. Ukitengeneza nusu inayoonekana tu, iliyobaki inaendelea. Kumbuka kioo kilichogundishwa ni sehemu ya ugumu wa mlango. Kikirudishwa kwa silikoni ya madirishani badala ya gundi ya vioo vya magari, mlango unasokotwa zaidi.

#11 shaba_na_chuma

Mimi sikubaliani kuwa kila kitu ni MIG ya chuma. Bati jembamba hupendelea shaba. Joto ni dogo, bati halijikunji.

#12 mzee_wa_bawaba

@shaba_na_chuma una hoja, ila tutenganishe. Shaba ya gesi na unga wake wa kusafishia ni jambo moja: joto bado linaenea pana, na unga unaobaki ndani ya mshono unakula chuma. MIG yenye waya wa shaba na silikoni (ule unaoandikwa CuSi3) na agoni tupu ni jambo lingine, na viwanda vyenyewe vinautumia kwenye vyuma vigumu vya bodi kwa sababu hauyeyushi bati lenyewe. Ukiwa na waya huo na agoni, tumia kwenye matundu ya kiraka, ni kazi nzuri.

Onyo moja: palipowahi kupigwa shaba usipige weldi ya chuma juu yake. Shaba iliyoyeyuka inaingia kati ya chembe za chuma na kuzipasua. Ukikuta rangi ya dhahabu kwenye ufa wa zamani, ikate sehemu yote, weka bati jipya.

Na kwa wasio na MIG kabisa: msitumie stiki (weldi ya vijiti) kwenye bati la 0.8. Kiraka kile kile cha umbo la yai kinaweza kushikwa kwa gundi ya epoksi ya bodi, ile ya mirija miwili, pamoja na riveti za chuma. Gundi inasambaza mzigo eneo lote badala ya kuuweka kwenye nukta. Bati likwanguliwe hadi ling'ae, lifutwe kwa thina safi, libanwe mpaka gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mrija. Riveti za alumini za kawaida bila gundi zinaanza kucheza, na kila tundu lake linakuwa kichwa cha ufa mpya.

#13 Muscat_Mswahili

Salaam aleikum. Huku joto ni jambo la kuhesabu. Gari ikikaa juani shokapu ya gesi inaongeza nguvu. Mgandamizo wa gesi hufuata joto: kutoka digrii 20 kwenda 60 ni ongezeko la kama asilimia 14. Shokapu ya nyutoni 500 inasukuma kama 570. Kwa hivyo mtu anayefunga shokapu kali zaidi ya zile za kiwanda, akidhani anausaidia mlango, anaibebesha breketi mzigo huo mchana kutwa. Nguvu imeandikwa kwenye mwili wa shokapu, ikifuatwa na herufi N. Fungeni ileile, na mfunge mbili kwa pamoja.

#14 BatiJembamba

@Muscat_Mswahili hapo umegusa jambo nililotaka lisomwe na kila mtu. Weldi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumtafuta aliyeupasua mlango, na karibu kila mara ni mlango kukosa mizani: shokapu moja imechoka, mota inabeba uzito wote, bati linapasuka.

Kipimo cha mizani: zima umeme wa mlango kwa swichi yake, na kwenye mfumo wa mkono toa fito ya mota. Inua mlango kwa mkono hadi nusu na uachie taratibu. Ukibaki pale au ukipanda polepole, shokapu ni nzima. Ukishuka, zimekufa. Ukitaka namba, ning'iniza mizani ya kupimia samaki kwenye ukingo wa chini wa mlango na uone kilo zinazohitajika kuushikilia usianguke. Andika kabla ya kubadilisha shokapu, na baada.

Kipimo cha kusokotwa: gari kwenye sakafu sawa, mlango nusu. Pima kwa tepu kutoka kona ya chini kulia hadi sakafuni, na kushoto hadi sakafuni. Mfumo wa upande mmoja una tofauti kidogo kwa maumbile yake. Ikizidi milimita 10, usichomelee bado. Bawaba zimelegea, au shokapu ya upande usio na mota imekufa, au bati la kuimarisha ndani limeachia. Bawaba zenye uchezi kwenye pini hubadilishwa mbili pamoja.

#15 KijanaWaMwenge

Nimepima mkuu. Kushoto 1,212, kulia 1,236. Na mlango unashuka wenyewe nikiuachia nusu.

#16 BatiJembamba

Milimita 24, na mlango unashuka. Shokapu kwanza, zote. Pima tena kabla ya kuchomelea. Tofauti ikirudi chini ya 10, ufa wako ni wa bati la ndani tu na maelezo ya #8 yanatosha. Ikibaki, weka kidole kati ya bawaba na bati huku mwenzako akiinua na kushusha mlango kidogo. Ukihisi bati linapumua, weldi za nukta za ndani zimeachia na mlango ufunguliwe zaidi.

#17 MpwaWaMvita

Na zile seti za shokapu za umeme zinazouzwa kufungwa kwenye gari ambazo hazikutoka nazo kiwandani? Jirani kafunga, miezi michache breketi ishapinda.

#18 mzee_wa_bawaba

@MpwaWaMvita sababu ni hii. Breketi ya shokapu ya gesi iliundwa kusukumwa tu, upande mmoja, maisha yake yote. Shokapu ya umeme inasukuma ikifungua na inavuta ikifunga. Chuma kinachosukumwa na kuvutwa kwa zamu kinachoka mapema kuliko kinachosukumwa tu, hata kama nguvu ni ileile. Chukua waya, upinde upande mmoja kidogo kisha upande wa pili, uone unavyokatika upesi.

Kama lazima ufunge, mambo matatu. Nyuma ya kila breketi, ndani ya bodi, weka sahani ya geji 16 yenye upana wa angalau milimita 60 kwa 40, kona zimeviringwa. Tumia boliti za M8 za daraja 8.8, zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa Nm 22 hadi 25. M6 ni Nm 9 hadi 10, usizidishe. Na boliti zisipungue mbili kwa breketi, kwani moja pekee inazunguka na kutafuna tundu.

Boliti iliyolegea ni mbaya kuliko iliyokazwa sana. Iliyokazwa vizuri inabana mabati mawili, msuguano ndio unaobeba mzigo. Ikilegea kidogo tu, ukingo wa tundu ndio unaobeba, na hapo ufa una pa kuanzia.

#19 ReliYaKati

Spoila kubwa juu ya mlango inaongeza mzigo kiasi gani? Maana wengi wanaisingizia.

#20 BatiJembamba

Kidogo sana. Iko karibu na bawaba. Kilo 4 sentimita 15 kutoka kwenye bawaba ni kama Nm 6. Kilo 4 hizo hizo ukiziweka chini karibu na namba ya gari, tuseme mita 0.95, ni Nm 37. Kwa hiyo spika zilizofungwa kwenye plastiki ya mlango, fremu nzito ya namba na pati (tope la kuziba mabonyeo ya bati) nene chini ndivyo vya kuangaliwa. Pati hasa. Mlango uliogongwa chini ukajazwa pati nene una uzito ambao shokapu za kiwanda hazikuhesabiwa.

#21 Volti12

Kurudisha umeme baada ya kazi. Funga mlango kwa mkono kabisa kabla ya kuunganisha betri. Kisha ufungue na kuufunga kwa kitufe, safari nzima bila kuusimamisha, ili kontroli boksi ijifunze mwanzo na mwisho. Gari zenye kurekebisha kimo cha kufunguka, weka kimo unachotaka na ushikilie kitufe cha mlangoni hadi kilie. Kama dari lenu la maegesho ni fupi, fanyeni hili mapema. Mlango unaogonga dari kila siku unapasua bawaba.

Jaribu kinga ya kubana kwa karatasi ngumu iliyokunjwa au tambara lililokunjwa, kamwe si mkono. Mlango urudi. Usiporudi, usiutumie kwa umeme.

Loki nayo ikaguliwe. Nyingi zina mota ndogo ya kuvuta mlango sentimita ya mwisho. Pete ya loki ikiwa imekaa upande hata milimita 2, mota hiyo inausokota mlango kila unapofungwa. Legeza boliti zake kidogo, funga mlango taratibu ujipange wenyewe, fungua bila kuigusa, kaza. Bampa za mpira za pembeni zizungushwe hadi ziguse sawa kulia na kushoto. Weka kipande cha karatasi, funga, vuta: karatasi ibane sawa pande zote.

#22 BinamuWaGari

Na mtu akitaka kuachana na umeme kabisa, abaki na mlango wa kufungua mwenyewe?

#23 Volti12

Inawezekana, na kwa mlango ulioshapasuka mara mbili ni uamuzi mzuri. Mfumo wa mkono: usizime swichi tu, toa fito yote kwenye mlango. Ukiiacha, kila ukifungua kwa nguvu unaizungusha gia ya mota kinyume, na mzigo huo unapitia breketi ileile mbovu. Shokapu za umeme: springi ya ndani ndiyo inayobeba mlango, ukizitoa lazima uweke za gesi za toleo lisilo la umeme la gari hiyohiyo, zenye N za toleo hilo, kwenye breketi za toleo hilo.

#24 mzee_wa_bawaba

Lini usitengeneze, ubadilishe mlango: ufa ukizidi sentimita 5, zikiwa zaidi ya mbili, ukiingia kwenye mkunjo wa bawaba, au bati la kuimarisha likiwa limeliwa na kutu hadi bisibisi inazama. Bawaba yenyewe ikipasuka haichomelewi, kwa sababu ikikatika mlango unamwangukia aliyesimama chini yake.

Mkienda kununua mlango uliotumika, iwe Gerezani (Dar es Salaam) au Grogan (Nairobi), nendeni na kichupa cha mafuta ya taa, kitambaa na chaki. Kagueni sehemu zilezile nne za #1 kabla ya kulipa. Mlango uliotoka kwenye gari yenye mlango wa umeme una umri uleule wa wenu. Ule wa toleo lisilo la umeme la gari hiyohiyo mara nyingi bati lake halijachoka, ila hakikisheni una matundu na nati za boliti ya gololi mahali sahihi.

#25 KijanaWaMwenge

Shokapu mpya zote mbili zimefungwa. Kushoto 1,224, kulia 1,230. Mlango unakaa nusu bila kushuka. Chaki imeonyesha ufa ni sentimita 4.4, si 3.

#26 BatiJembamba

Milimita 6, vizuri. Sentimita 4.4 bado inatengenezeka. Kiraka chako kiwe na urefu wa karibu sentimita 10, upana 6. Ukimaliza, usitumie umeme siku ya kwanza. Fungua na funga kwa mkono, angalia rangi ya praima kama inachora mstari. Baada ya kilomita 500 rudia toki ya boliti zote za bawaba na breketi, na upime tena kwa tepu. Andika namba hizo mahali. Zikianza kuachana tena, angalia shokapu kabla ya kuangalia weldi.